Uzi: Jamaa anatuuzia unga wa jiwe ati washusha noksi (zile gesi za nitrojeni na oksijeni) kwenye boila, ni kweli ama twachezwa shere?

MtuWaBoila:
Wajameni salaam. Niko kiwanda kimoja huku Changamwe, kazi yangu boila. Ni boila ya mvuke tani 6 kwa saa, zamani ilikuwa ya mafuta mazito, wakaja wakaigeuza, saa hizi twachoma maganda ya makadamia, ya korosho yakipatikana, kuni na mabaki ya mbao. Juzi wamekuja watu wa maabara kupima moshi kwa ajili ya zile karatasi za NEMA, mamlaka ya mazingira, ripoti imerudi noksi iko juu na bosi amenikalia kooni. Hapo hapo ametokea jamaa, kanyoosha shati, ana tableti mkononi, anauza unga wa jiwe asema ni madini ya volkeno, wamwagia motoni kila shifti na noksi yashuka asilimia 70. Bei nikiitaja hapa mtakaa chini. Kinachonishangaza mie, chimni yetu haitoi moshi wa kuonekana, juu safi kabisa, sasa hiyo noksi yatoka wapi? Na jiwe laweza kweli kupunguza gesi ama huyu ametuona mafala?

KahawaChungu:
Asilimia 70 na tableti, hapo nshajua mwisho wake. Nakaa baraza hapa na mahamri yangu nasubiri wenye elimu.

Bi_Kemia:
MtuWaBoila, kabla hatujamhukumu mtu, tupe namba za ripoti. Oksijeni kwenye moshi ilikuwa ngapi, CO ngapi (ile gesi ya kuni zisizoungua sawasawa), noksi ngapi na imeandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, ama miligramu. Bila oksijeni ile namba ya noksi haina maana yoyote.

Na hilo la moshi kutoonekana acha nilijibu kabisa. Noksi inayotoka kwenye boila zaidi ya tisa kwa kumi ni NO, yaani nitrojeni oksaidi, na NO haina rangi, huioni hata ukipanda juu ya chimni. Ikifika nje inaungana na oksijeni pole pole inakuwa NO2, hiyo ndiyo ya kahawia na ndiyo inayokaba kifua, na jua likiwaka inasaidia kutengeneza ozoni ya chini. Moshi mweusi ni masizi, habari nyingine kabisa. Tena mara nyingi fundi akiongeza hewa ili moshi mweusi ukatike, noksi inapanda, na yeye anashukuru kwamba mambo yametengenea.

MtuWaBoila:
Shukran dada. Ripoti inasema oksijeni 13, noksi 200 ppm, halafu pale chini wameandika miligramu 769 kwa asilimia 6. CO iko juu pia, lakini kwa hiyo hakuna aliyenipigia kelele.

Bi_Kemia:
Haya, hesabu iko sawa, hebu uione ujue wanaitoaje. Kila boila ina hewa yake ya ziada, kwa hiyo lazima zote ziletwe kwenye oksijeni moja, la sivyo mtu angefungua feni tu moshi uchanganyike na hewa halafu aseme amepunguza. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. 21 toa 6 ni 15, 21 toa 13 ni 8, gawa 15 kwa 8 upate karibu 1.9. Hiyo 200 yako inakuwa 375. Zidisha kwa 2.05 kuitoa ppm kuipeleka miligramu za NO2, ndio hiyo 769. Hakuna aliyekuonea.

Sasa angalia hiyo 13. Maana yake unapitisha hewa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile moto unaohitaji, na bado CO iko juu! Hewa ipo tele lakini haikutani na gesi inayotakiwa kuungua. Nakuuliza, wavu wako wa moto una sehemu zilizo wazi, pasipo na kuni?

MtuWaBoila:
Upande wa kushoto huwa watoboka mara kwa mara, maganda yanateremka yote kulia. Umejuaje dada wewe mganga?

Ami_Fita:
Hahaha. Si uganga mwanangu, kila boila iliyogeuzwa kutoka mafuta kwenda kuni iko hivo hivo. Tanuri lilitengenezewa mwali mrefu wa mafuta, wao wakaja wakachomeka wavu chini wakaondoka.

Kuhusu unga, mie nimefanya boila tangu enzi za mafuta mazito na unga wa kutia motoni si jambo geni. Tulikuwa tukitia magnesia, unga wa magnesiamu. Lakini si kwa ajili ya noksi, ilikuwa kwa ajili ya vanadi. Mafuta mazito yana vanadi na sodiamu, vikiungua vinatoa majivu yanayoyeyuka na kula chuma cha mabomba, ukitia magnesia yale majivu hayayeyuki upesi, yanabaki makavu, unayapuliza yanatoka. Hiyo ilifanya kazi, nimeona kwa macho. Noksi wakati ule hata hakuna aliyeijua jina. Kwa hivo mtu akija na unga muulize kwanza, unga wa kazi gani.

PwaniSolutions:
Nyinyi watu mwapenda kuvunja biashara za wenzenu. Boila kubwa za Ulaya na China zinatia mawe ya chokaa kila siku na noksi iko chini, hii ni sayansi sio hadithi. Madini yana uso, gesi inashika pale, inavunjika. Someni.

KahawaChungu:
Mwenye tableti amefika 😂

Bi_Kemia:
Hapana, PwaniSolutions kuna alichosema cha kweli, tumpe haki yake, halafu tuone anapokatia kona.

Boila alizozitaja ni zile za mchanga unaochemka. Chini kuna kitanda cha mchanga, hewa inapulizwa kutoka chini mpaka mchanga unarukaruka kama maji ya uji, makaa yanaungua humo ndani kwa digrii 800 mpaka 900 tu. Mawe ya chokaa yanatiwa ili kukamata salfa, yanaungua yanakuwa chokaa hai, chokaa inameza SO2, ile gesi ya salfa, inageuka jasi. Hiyo ndiyo kazi iliyowapeleka pale. Noksi iko chini kwa sababu nyingine. Kwanza joto ni dogo. Nitrojeni ya hewa imefungana kwa vifungo vitatu, haikubali kuachana mpaka mwali upite 1,300, na inachacha hasa kwenye 1,500 kwenda juu, njia ambayo Mrusi Zeldovich aliieleza mwaka 1946. Pili, kitanda kimejaa makaa yaliyowaka nusu, na makaa yenyewe yanakula NO, kaboni inachukua oksijeni yake inabaki nitrojeni safi.

Chokaa je? Hapa ndipo wauzaji wanaponyamaza. Chokaa hai ina nyuso mbili. Ukiwa na CO pale na oksijeni haipo, uso wa chokaa unasaidia NO na CO kukutana, zinatoka nitrojeni na CO2. Safi. Lakini mahali penye oksijeni, chokaa ile ile inachukua amonia iliyotoka kwenye kuni na kuigeuza NO. Ndio maana kwenye boila za mchanga ukiongeza chokaa mara nyingi NO inapanda, inayoshuka ni N2O, gesi nyingine ya nitrojeni. Jiwe moja, kazi mbili zinazopingana, na anayeamua ni hewa. Kisha CO2 ikijaa inakalia ule uso, na chokaa ikishageuka jasi nguvu inapungua.

Jiwe halili noksi. Lina uso tu wa kukutanishia, na wanaokutana lazima wawepo, yaani NO na kitu chenye njaa ya oksijeni, CO au amonia au makaa. Kwa ndugu yetu pale Changamwe mwenye oksijeni 13, kwenye upande uliotoboka ukimwaga unga unakutanisha NO na hewa.

MtuWaBoila:
Hapo nimekupata. Na hii ya volkeno? Karatasi yake imeandikwa zeolaiti asilia.

Bi_Kemia:
Zeolaiti ni jiwe lenye vijitundu vidogo mno, ni kweli ina uso mkubwa ajabu. Na ni kweli zeolaiti iliyotiwa shaba inatumika kwenye malori mapya ya dizeli kupunguza noksi, lakini kule joto ni digrii mia mbili mpaka mia tano na kitu, na lazima ipulizwe amonia. Ile ya asilia ukiitupa kwenye tanuri la digrii 950 vijitundu vinaporomoka, unabaki na vumbi la kioo. Muuzaji amechukua ukweli wa lori akaubandika kwenye boila.

Halafu piga hesabu ya muda. Gesi inapita kwenye tanuri lako kwa sekunde moja mbili, unga nao unaruka nao. Kisha unakwenda kulala kwenye mabomba, mvuke unashuka, unaanza kusugua.

Ami_Fita:
Hilo la kusugua ndilo litakalokutoa machozi. Bomba la inchi mbili na nusu likishika majivu ya kugandana, brashi inakwama katikati na ndani kuna joto la kuoka mtu. Na maganda ya korosho tayari yana yale mafuta yake makali, moshi wake hushika ngozi, sasa uongeze na unga juu. Astaghfirullah.

LikoniKwaLikoni:
Nichomekee kitu, mie nimefanya kazi upande wa kupakia meli Likoni, ule mchanga mweusi wa Kwale, ilmenaiti, nao si ni madini? Nilisikia Wazungu wautumia kwenye boila.

InjiniaMbali:
Kweli kabisa LikoniKwaLikoni. Kule Gothenburg, Uswidi, chuo cha Chalmers kina boila ya mchanga ya megawati 12, walitoa sehemu ya mchanga wa kawaida wakaweka ilmenaiti. Ilmenaiti ni chuma na titani pamoja na oksijeni, ile oksijeni ya chuma inatoka na kurudi. Chembe ikipita penye hewa inajaa oksijeni, ikifika penye gesi nyingi inaitoa. Kwa hiyo inabeba oksijeni kutoka ilipozidi kupeleka ilipopungua, CO ikashuka sana, na wakaweza kupunguza hewa ya ziada, NO nayo ikashuka kiasi. Ona hapo, hata ilmenaiti kazi yake kubwa ni kusawazisha hewa, tunarudi kwa maneno ya Bi_Kemia.

Ila ile ya Kwale ilikuwa ikienda zaidi kwenye viwanda vya rangi nyeupe, na uchimbaji wenyewe ulikoma Desemba 2024. Titani hiyo hiyo ikisafishwa ikawa titani oksaidi, ndiyo inayobeba vanadi kwenye vichujio vya noksi vya mitambo mikubwa ya umeme, Wajapani waliianza miaka ya 1970. Ule ndio uso wa madini unaofanya kazi vizuri kushinda wote, unatoa asilimia 80, 90. Lakini joto 300 mpaka 400, amonia, na gesi ipite kwenye matundu ya matofali yenyewe, si unga wa kurusha na koleo. Na kwa boila ya maganda potasiamu inaua ule uso haraka.

MvuviWaKaskazini:
Kwani ule mtambo wa makaa wa Lamu ungewekwa hizo? Megawati 1,050 ule.

InjiniaMbali:
Leseni ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019 ndugu yangu, tusifufue maiti, uzi utahamia siasa.

DerevaWaMombasaRoad:
Nimeona mwataja lori. Yale maji ya yurea tunayotia kwenye malori ya Ulaya si tuyatie tu kwenye boila? Yurea si hata mbolea inayo, gunia duka la mbolea pale Kongowea.

Bi_Kemia:
Swali zuri na jibu ni ndiyo, inafanyika, na haihitaji jiwe. Richard Lyon wa Exxon aliipatia hataza (patenti) 1975, yeye alitumia amonia, yurea ilifuata baadaye. Unapuliza kwenye gesi yenye joto la 850 mpaka 1,100, amonia inamkamata NO, vinatoka nitrojeni na maji. Kwa vitabuni, gramu 60 za yurea zinamaliza gramu 60 za NO, kilo kwa kilo. Kwa kazini unatia zaidi na unapata punguzo la asilimia 30 mpaka 50.

Lakini usikimbilie gunia. Ukipuliza mahali penye baridi chini ya 850, amonia inapita bila kufanya kazi inatoka chimni, mtaa mzima unasikia harufu, na kama kuna salfa kwenye moshi inatengeneza chumvi ya kunata inayoziba sehemu za baridi nyuma ya boila. Ukipuliza mahali pa moto kupita 1,100, amonia yenyewe inaungua inakuwa NO, umenunua noksi kwa pesa yako. Boila ndogo inayopanda na kushuka mzigo kila saa, ile sehemu yenye joto linalofaa inahama kila saa. Pia yurea inaleta N2O nyingi kuliko amonia, na N2O inapasha dunia kama mara 273 ya CO2. Na maji ya kuyeyushia, kisima cha huku kwetu kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yana chokaa na chumvi, pua za kupulizia zinaziba upesi mno. Yale ya lori ni asilimia 32.5 ya yurea kwenye maji yaliyosafishwa, si ya bomba.

MtuWaBoila, mimi bado nina swali moja. Maganda na kuni kwa kawaida hayana nitrojeni nyingi, na tanuri lako kwa 950 haliwezi kuvunja nitrojeni ya hewa. Noksi yako inatoka kwenye kuni zenyewe. Hayo "mabaki ya mbao" ni mbao gani?

MtuWaBoila:
Yaletwa na kontrakta kwa lori, sisi hatuchagui. Nimeshuka sasa hivi godauni kuangalia. Kuna vipande vya samani, mbao zile laini laini za kubandikwa plastiki juu, nyingi tu, nyingine zimekatwa duara kama za milango ya kabati. Zikiungua kuna harufu fulani ya kuchoma macho, tulidhani ni rangi.

Bi_Kemia:
Hizo ni MDF na chipubodi, mbao za unga na vipande vya miti vilivyobanwa kwa gundi. Gundi yake ni yurea na fomaldehaidi. Kuni ya kawaida nitrojeni iko chini ya nusu ya asilimia, hizo zaweza kufika tatu mpaka tano. Wewe unatia yurea motoni kila siku ndugu yangu, ila unaitia kwenye wavu penye hewa nyingi badala ya kuipuliza juu mahali pake, kwa hiyo inageuka NO. Na ile plastiki ya juu mara nyingi ni PVC, ina klorini, inakula chuma. Mwambie bosi hata bila NEMA zisichomwe.

KahawaChungu:
Ai! Kumbe adui yuko godauni. Mahamri yamenikwama.

Ami_Fita:
Kontrakta anakulipisha kwa tani na anakuletea takataka za fundi seremala wa Magongo. Sisemi kitu.

PwaniSolutions:
Bado wateja wetu wanafurahia bidhaa.

InjiniaMbali:
Basi mletee mwenzetu jaribio. Mzigo ule ule wa mvuke, kuni zile zile, oksijeni ile ile, pima bila unga, pima na unga, rudi pima bila unga tena. Mpimaji awe wa maabara yake, si wako. Ukikubali mimi mwenyewe nitakuja Changamwe nikubebee gunia.

MtuWaBoila:
Nimemtumia hiyo message yule jamaa wa tableti. Asema sera ya kampuni hairuhusu majaribio. Haya. Sasa hewa, nianzie wapi? Nina feni ya chini na feni ya juu, ya juu iko kwa dampa, kile kilango cha hewa, imefungwa na waya tangu nilipoajiriwa.

Bi_Kemia:
Fungua huo waya, ndipo dawa ilipo. Hewa ya chini iwe kidogo, isitoshe kumaliza kuungua. Tabaka la maganda linawaka kwa njaa, juu yake panakuwa na CO, amonia na makaa mekundu, na NO inayozaliwa pale inaliwa pale pale juu ya makaa na majivu. Hapo ndipo uso wa madini unapokufanyia kazi bure, majivu ya maganda yenyewe yana kalisi, chuma na potasiamu. Kisha hewa ya juu inamalizia CO. Ukipata mpangilio mzuri punguzo la theluthi mpaka nusu si ajabu.

Ila kabla ya dampa ziba lile tobo la kushoto. Sawazisha maganda kwenye hopa, weka bati la kugawanya kama kuna nafasi, milango ya majivu ifungwe iwe na kamba ya kuziba isiyoungua. Hewa inayonyemelea ikiendelea kuingia, kila utakachopanga hapo chini kitaharibika.

Ami_Fita:
Na usishushe hewa ya chini kwa pupa. Wavu unapozwa na ile hewa, ukiikata sana vyuma vinapinda, na majivu ya maganda yakipata moto kupita kiasi yanayeyuka yanakuwa jiwe la kijani kama chupa, utalivunja kwa mtaimbo. Shusha kidogo, kaa shifti nzima, tazama tena.

MtuWaBoila:
Nimerudi. MDF tumezikataa, kontrakta amenuna. Tobo limezibwa kwa matofali ya moto, dampa ya juu imefunguliwa robo tatu. Oksijeni imeshuka mpaka 9, analaiza ya kukodi yasema noksi iko chini vizuri hata baada ya ile hesabu ya 15. Lakini CO imepanda mzigo ukishuka, mchana wa chakula mashine zikizimwa. Na maganda yanatumika machache kuliko mwezi uliopita, bosi hilo ndilo aliloliona, noksi hata haulizi tena.

Bi_Kemia:
Hiyo CO ya mzigo mdogo ni kwa sababu hewa ya juu inapoza gesi kabla haijamaliza kuungua. Mzigo ukishuka punguza feni zote mbili pamoja, usipunguze ya chini peke yake. Na mkipima tena, tundu la kupimia liko wapi kwenye chimni?

MtuWaBoila:
Liko juu kidogo tu ya kona, pale bomba linapopinda.

InjiniaMbali:
Hapo gesi inazunguka, utasoma namba tofauti ukisogeza kijiti cha kupimia inchi mbili. Toboa jingine mahali palipo nyooka, ikiwezekana vipenyo nane vya chimni juu ya kona na viwili chini ya mdomo. Kipenyo chako ni ngapi?

MtuWaBoila:
Sentimita 60. Mita 4.8 basi. Nitaongea na fundi wa kuchomelea Jumatatu, kisha nitaweka picha hapa.